Manesi wapya wa chumba cha kangaroo, hebu tuongee

Wadogo zangu, kangaroo ni kumbeba njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifuani ngozi kwa ngozi. Ila zamu ya juzi usiku nimesikia tena: "Mama, mbona umemtoa mtoto kifuani? Unataka afe?" Nawapenda, ila kwa hili mnanichosha.

1. Kufunga. Mtoto wima katikati ya matiti, nepi, kofia na soksi tu, shingo isikunjike. Sweta ikikaa katikati, hiyo si kangaroo.

2. Muda. WHO tangu 2022 inasema saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama mwenye mshono atazifikishaje peke yake? Bibi anaruhusiwa, shangazi anaruhusiwa, baba pia. Hapa Kigoma baba katoka ziwani usiku kucha, anasimama getini na chupa ya uji, nanyi mnapokea chupa mnamfukuza. Mwingizeni, anawe, avue shati, apewe kiti. Utafiti wa 2021, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa kuanza mapema, bila kusubiri njiti atulie, kulipunguza vifo kwa robo. Sasa getini tunasubiri nini?

3. "Hatoi ushirikiano." Sentensi hii kwenye ripoti ya zamu inaniuma. Tuliwahi kumpokea mama wa mapacha kutoka vijiji vya ziwani, kaletwa kwa boti. Kulwa alifariki, Doto akabaki na kilo 1.2. Kila akipewa Doto, anageukia ukutani. Zamu ikaandika hatoi ushirikiano, iliyofuata ikanakili, mwingine akamsomea somo la joto la mwili. Mama mkwe wake alipofika ndipo tukajua: wanaume walishamzika Kulwa mama akiwa bado na dripu, hakumwona hata uso. Hakuna aliyempa pole, sisi tulikuwa tunamdai kifua tu. Siku hiyo bibi ndiye aliyembeba Doto, mama akasimulia, akalia, akala. Kesho yake akafungua khanga mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi ile, vuta kiti umuulize.

4. Mizani. Msitangaze gramu chumba kizima, na mwambieni mapema kwamba njiti hupungua siku za mwanzo, asidhani maziwa yake ni mabaya.

5. Mkikagua joto la mtoto, muulizeni mama kama amelala. Huzuni ikizidi wiki mbili, mwiteni daktari, maana hiyo huenda ni sonona. Akisema hataki kuishi, msisubiri hata saa moja.