Kwa dada wa Ndosho mwenye dola 50: nunua bidoni kwanza, maharage yatafuata

Dada, jambo. Nimesoma swali lako mara mbili. Umepanga Ndosho, una watoto watatu, baba yao yuko safarini muda mwingi, una dola 50 mkononi na unataka kujua uanzie wapi, mambo yakiharibika tena Goma msije mkahangaika. Walionitangulia wamekushauri gunia la maharage, wamekushauri jenereta, na kuna mmoja amekutumia orodha ya chakula cha miezi sita aliyoikuta kwa watu wa ng'ambo wenye stoo chini ya nyumba. Mimi nauza maharage na unga soko la Virunga. Ningepaswa kuwa wa kwanza kukuambia ubebe gunia. Sikuambii.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, nilikuwa na karibu kilo 40 za maharage ndani ya nyumba. Najiona mjanja. Umeme ukakatika, na kwetu umeme ukikatika pampu zinazovuta maji Ziwa Kivu zinasimama, bomba linakauka. Nilikuwa na bidoni (madumu ya plastiki) tatu za maji, moja imeshafunguliwa, na sisi tuko watu sita. Nje ni risasi, nani aende ziwani? Siku ya pili nikakaa nayatazama yale maharage. Kuyaosha ni maji. Kuyaloweka ni maji. Kuyachemsha saa mbili na zaidi ni maji tena, na makala (mkaa) juu yake. Maharage bila maji ni kokoto, dada. Tulikula karanga, mikate iliyokauka, na mchele mara moja kwa siku kwa maji ya kupima na kikombe. Risasi zilipopungua, watu walimiminika ziwani na bidoni za manjano, na mimi nikiwa mmoja wao, nimeacha gunia langu nyumbani likiwa zima.

Kwa hiyo dola zako za kwanza ni bidoni. Hesabu yake ni nyepesi: mtu mmoja, kunywa na kupika tu, mpe lita 5 kwa siku. Ninyi ni wanne, hiyo ni bidoni moja ya lita 20 kila siku. Bidoni saba zilizojaa ni wiki moja bila kutoka nje. Kuoga na kufua sikuhesabu, siku hizo mtapangusana na kitambaa. Huku kwetu huwezi kusema utachimba kisima, chini ni mwamba wa lava. Ni bomba, ni mvua, au ni ziwa. Nunua bidoni zilizobeba mafuta ya kula, zile za petroli hata uzioshe mara kumi harufu haitoki, na sumu pia haitoki. Chota ya zamani kabisa kwa matumizi ya leo, jaza mpya, iweke mwisho wa mstari. Watoto wangu wanajua mstari huo, akichota ya katikati wenzake wanamshitaki.

Maji ya ziwa au ya mvua usiyaamini. Kipindupindu hapa si hadithi, waliokuwa wakubwa mwaka 1994 wakimbizi walipofurika mjini watakueleza. Nunua chupa ya javeli (maji ya klorini ya kufulia) ya kawaida, isiyo na manukato, isome kama imeandikwa asilimia 5 hivi. Chuja maji kwa kitambaa kizito, kisha matone 2 kwa kila lita. Kwa bidoni nzima ni matone 40, hayafiki nusu ya kijiko cha chai. Funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, matone yawe mara mbili. Yakiwa tayari yananukia klorini kidogo tu, na kama hayanukii kabisa rudia. Chupa iliyokaa mwaka mzima imeshapoteza nguvu, hiyo osha nayo choo. Huna javeli, chemsha. Huna makala, chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, juani kwa muda wa saa 6, na kama kuna mawingu siku mbili. Na mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo bila kuacha, huku unatafuta njia ya kumfikisha kituo cha afya.

Sasa sababu ya pili ya kutokukuuzia gunia.

Mei 2021. Tarehe 22 jioni volkano ya Nyiragongo ililipuka bila onyo, lava ikashuka ikaishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tulikimbia usiku, tukarudi kesho yake. Tarehe 27 alfajiri gavana wa kijeshi akatangaza baadhi ya mitaa ihame, Majengo kwetu ikiwamo, maana ilihofiwa moto ulikuwa unapita chini ya mji. Hapo ndipo nilipojua uzito wa gunia. Motari (mwenye pikipiki) aliyekubali kutubeba alinitazama mimi, watoto, gunia, akacheka. Nililiacha. Tulikwenda Sake, kama kilomita 25, sehemu kubwa kwa miguu. Niliporudi mlango umevunjwa, gunia limekwenda, na aliyelibeba alichukua na sufuria. Simlaumu sana kwa gunia. Sufuria zile ndizo zinaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nasema mji huu una hatari mbili zinazopingana. Moja inataka ujifungie ndani wiki nzima, nyingine inataka uwe barabarani ndani ya dakika kumi. Orodha za ng'ambo zinajua ile ya kwanza tu. Akiba yako lazima nusu yake iwe na miguu. Mimi siku hizi nina vitu vya ndani, nina mfuko wa mlangoni, na nina bidoni moja ya chakula kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Keshero, naye ana moja kwangu. Moto ukija upande wangu, kuna chakula upande wake.

Mfuko wa mlangoni: karata ya mchaguzi (kadi ya mpiga kura), karatasi za kuzaliwa za watoto, kadi za chanjo, mkataba wa nyumba, vyote ndani ya plastiki, na picha zake kwenye simu. Dawa. Radio ndogo na betri zake, maana mtandao ulipotea 2025, na uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari. Tochi. Bashi (turubai) moja. Karanga, sukari, unga wa uji. Viatu vya kufunika vidole, kila mtu, karibu na mlango. Hili la viatu walidharau wengi. Jaribu kutembea gizani juu ya mawe yetu na kandambili. Andika namba yako ya simu na ya ndugu wa mji mwingine kwa kalamu isiyofutika kwenye mkono wa kila mtoto na ndani ya nguo. Katika kuhama kule kwa 2021 watoto kwa mamia walipoteana na wazazi. Wangu wa pili alipotea kwa muda wa saa nne, alipatikana kwa sababu ya namba.

Na wewe wa Ndosho, njia yako ya kukimbilia ni hiyo hiyo ya Mugunga na Sake. Mkilala njiani msijilaze bondeni wala kwenye shimo hata kama panakinga upepo. Mazuku hukaa humo: hewa nzito isiyo na rangi inayotoka ardhini, humlaza mtu asiamke. Watoto walale juu, penye upepo. Ukiona ndege au mbuzi amekufa mahali bila jeraha, ondokeni.

Hewa mbaya nyingine niliitengeneza mwenyewe. Katika siku zile za Januari, kwa kuogopa risasi, niliingiza mbabula (jiko la makala) kwenye korido, nikafunga mlango, nikapika. Korido tulilala humo humo, maana palikuwa na kuta mbili kati yetu na barabara. Usiku mtoto mdogo akatapika. Nikadhani ni chakula. Kisha kichwa changu kikaanza kupasuka, nikasimama, miguu haina nguvu. Mama mkwe ndiye aliyepiga kelele, "Makala! Fungua!" Tulifungua mlango wa nyuma risasi zikilia, bora risasi ya kubahatisha kuliko ile hewa. Hewa ya sumu ya makala yaliyokolea haionekani wala hainuki. Pika kwenye baraza au mlango wa nyuma ukiwa wazi, zima kabisa, ndipo uingie. Kama haiwezekani kupika, kula vya baridi. Jenereta ni vilevile, tena kaka aliyeipendekeza hakusema petroli utaiweka wapi. Mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya mji, watu walioingia kuchota mafuta kwenye kituo waliungua humo kilipolipuka. Mimi petroli haiingii ndani kwangu. Paneli ndogo ya jua ya kuchaji simu na taa inatosha, tena haipigi kelele ya kuwaambia majirani na wasio majirani kwamba wewe unazo.

Haya, chakula. Nianze na visivyohitaji moto: karanga, sukari, mikate mikavu, ndizi mbivu ukibahatika. Kisha vinavyoiva haraka: mchele, unga wa uji, unga wa muhogo. Usiweke mahindi ya punje ukidhani ni akiba, mashine ya kusaga nayo ni ya umeme au mazuti (dizeli), ilisimama pamoja na bomba. Unga wa mahindi unaingia uchungu mapema, wa muhogo mkavu unakaa vizuri. Mafuta ya mawese, chumvi, ndagala wakavu kidogo. Kwa watu wanne, unga na mchele pamoja hesabu kilo 1.6 kwa siku, ni gramu 400 kwa kila kichwa.

Maharage nitakuuzia mwishoni, na nitakufundisha tusichowaambia wateja. Ng'ata punje: ikipasuka kwa kishindo ni kavu, meno yakizama ni mbichi bado. Au tia punje kwenye chupa kavu na chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani. Yakiwa makavu yajaze kwenye bidoni kavu hadi shingoni, funga kwa nguvu na plastiki chini ya kifuniko. Wadudu walio ndani wanamaliza hewa wanakufa wenyewe, hakuna haja ya sumu. Bidoni ya lita 20 inameza kilo 15 au 16. Mkila gramu 400 kwa siku nyumba nzima, ni kama siku 40. Usiyaweke zaidi ya mwaka, yanakuwa sugu, yatakula makala yako yote. Loweka usiku, yachemshe nusu saa, funika, viringisha sufuria kwa blanketi ndani ya kikapu, yanaendelea kuiva yenyewe; kabla ya kula yarudishe motoni yachemke vizuri.

Pesa. Benki zilifunga Januari ile na miezi ikapita bila kufunguliwa. Waliokuwa na dola elfu huko ndani walikuja kwangu kukopa unga. Pesa ya simu ilikuwepo, lakini wakala hana noti, na mwenye noti anakukata anavyotaka. Weka faranga ndogo ndogo nyumbani, na dola za moja na tano zisizo na mchaniko, unajua kwetu noti iliyochanika kidogo tu inakataliwa. Usiziweke mahali pamoja. Sabuni, chumvi na kiberiti ni pesa pia, nilibadilisha vipande viwili vya sabuni kwa makala ya siku tatu.

Kwa hiyo dola 50, kwa mpangilio wangu, kila wiki kidogo: bidoni saba na javeli. Kisha mfuko wa mlangoni, vitu vingi vyake unavyo tayari. Kisha karanga, mchele, sukari, chumvi. Nusu gunia la makala. Dawa za presha kama kuna mzee, mwezi mmoja mbele. Kinachobaki kiwe noti ndogo. Maharage mwezi ujao.

Na muulize mwenye nyumba kama atakuruhusu kufunga mfereji kwenye bati, mvua ya Goma ni ya bure. Akikataa, bashi lako lifunge pembe nne, bidoni chini. Ila mlima ukitema majivu, usikinge maji, na mfereji uliokwisha kufungwa uondoe kwenye bati mpaka mvua mbili tatu zioshe.