Nimeonja bia ya maboga bila kujua, eti nisisali siku 40?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi kijana wa Pemba, nipo Maine huku Marekani mwaka wa tatu. Mwezi wa Oktoba bosi wetu katupeleka shamba moja kwenye sherehe yao ya mavuno, maboga yamepangwa kila pembe, na kuna mtu anagawa vikombe vidogo vya plastiki kama vile vya dawa ya kikohozi. Nikaambiwa ya maboga hii, ina viungo. Nikanusa, mdalasini, kungumanga, karafuu, nikahisi kama nipo jikoni kwa mama, nikapiga funda. Mwisho ikaja na uchungu nisioujua. Kuuliza naambiwa bia hiyo. Sasa sheikh nisikufiche, baada ya kuambiwa nikaonja tena kidogo, nikajidai nahakikisha. Nyengine ikanimwagikia kwenye jaketi. Rafiki yangu mmoja anasema hilo ni boga na viungo tu na kikombe kile hakimleweshi mtu, mwengine anasema sala yangu haikubaliwi siku 40 kwa hiyo nisijisumbue. Leo siku ya nane sijasali. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, kabla hujasoma chochote hapa chini, inuka, sukutua, tia udhu, sali sala ya wakati uliopo. Mengine yatakusubiri.

Umesharudi? Haya. Hiyo hadithi ya siku 40 ipo, wameipokea wakusanyaji wa hadithi kina Tirmidhi na Nasai, ila aliyekusimulia kakukatia nusu, maana ndani yake mna kwamba mtu akitubia Allah humkubalia toba yake. Na wanazuoni wamefafanua kuwa kutokubaliwa pale ni kukosa thawabu, sio kwamba faradhi imekuondokea. Mlevi kabisa akizindukana anatakiwa asali, sembuse wewe mwenye akili zako timamu. Kuacha sala siku nane ni jambo zito kuliko yale mafunda mawili, nasema hivi kwa sababu nakuonea huruma, shetani kakutoa kwenye dogo kakuingiza kwenye kubwa.

Sasa kinywaji chenyewe. Rafiki yako anasema boga na viungo, lakini hiyo bia kwa kawaida msingi wake ni shayiri iliyooteshwa, inachemshwa, inatiwa hamira inakula ule utamu na kutoa kilevi, boga na karafuu ni za ladha tu, na nyingi zake zina kilevi asilimia 5 mpaka 8. Sahaba Abu Musa alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vinywaji vya kule, kimojawapo kikiitwa mizr, na hicho ni cha shayiri hiyohiyo, akajibiwa kila kinacholewesha ni haramu. Na hata ingekuwa ya boga tupu bila punje ya shayiri (walowezi wa Kiingereza huko Marekani karne ya 17 walikuwa wakichachusha maboga kwa kukosa shayiri) hukumu ni ileile. Sayyidna Umar alipanda mimbari akataja khamr, yaani kilevi, ya zama zao, zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, halafu akasema khamr ni kile kinachofunika akili. Boga hakulitaja na limeingia humo.

Hoja ya kikombe kidogo nayo imeshajibiwa zamani, kinacholewesha kikiwa kingi basi hata kichache chake haramu. Hapo hatuangalii wewe umelewa au hukulewa.

Funda la kwanza huna dhambi nalo inshaallah. Uliambiwa maboga, ukanusa karafuu, ukanywa kwa dhana yako, na Allah katika Suratul Ahzab aya ya 5 anasema hapana lawama kwa mlilokosea bali kwa lile nyoyo zenu zilizokusudia. La pili, mwanangu, hilo ulishajua. Kuhakikisha nini tena na mwenye nayo keshakwambia? Nadhani hata wewe unajua hivyo ndio maana umeliandika, mtu asiye na imani angeliruka tu. Hilo linataka toba, uache, ujute, uazimie kutorudia, hakuna kafara wala sadaka maalum na huna haja ya kumtangazia mtu, hata mkeo.

Jaketi lifue. Kwa madhehebu yetu ya Shafi khamr ni najisi, unamimina maji mpaka iondoke ladha, rangi na harufu, ikibaki harufu kidogo baada ya kujitahidi imesamehewa.

Boga usije ukalichukia, maana nawajua vijana wakishtuka wanaharamisha kila kitu. Sahaba Anas anasimulia kwamba walialikwa kwa fundi cherehani, akamuona Mtume (s.a.w.) anafuata vipande vya mung'unye pembeni mwa sahani, na Anas tangu siku ile akawa anaupenda, na mung'unye na boga ni jamaa moja. Pika boga lako la nazi na iliki kama mlivyokuwa mkifuturu kwenu.

Huko mjulishe bosi mapema kwamba hunywi kilevi, wengi wanaheshimu ukisema kabla hujapewa kikombe. Na hizo sherehe zao huwa na kitu kinaitwa saida ya matofaa, ya kawaida huko Marekani ni juisi tu, ila ikiitwa "hard cider" (wanatamka hadi saida) hiyo ina kilevi, basi uliza kabla.

Siku nane ni sala 40 za faradhi. Chukua karatasi uziandike, lipa kadiri uwezavyo kila siku, ukimaliza moja ikate, na anza na za leo.