Usifute Windows 10 kwa kutegemea D: ni diski ile ile

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kompyuta yako imekataliwa na Windows 11, leo jioni unaweka Linux Mint (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), na huna wasiwasi kwa sababu faili zote umeshazihamishia D. Umeuliza pia habari za printa na Word. Hayo yasubiri, hiyo D ndiyo itakayokuliza.

Kwenye laptopu nyingi, C na D ni diski moja iliyogawanywa. Ukifika kwenye usakinishaji wa Mint ukachagua kufuta diski, inafutwa yote: C, D na hata ile sehemu iliyofichwa ya kurejeshea Windows. Haibagui.

Mimi fundi aliniambia maneno hayo hayo: "Weka D, huko hakuguswi." Alisema kwa uhakika wote, mkono uko kwenye kipanya. Ukipiga Windows upya na kufomati C peke yake, ni kweli D inabaki salama. Yeye alichukua mazoea hayo akayaleta kwenye Linux bila kusoma kilichoandikwa kwenye skrini, na D yangu ikafutika pamoja na C. Nilipomrudia akaniambia eti ningemkumbusha. Nimkumbushe kazi yake! Mpaka leo nikisikia mtu anaambiwa "weka D" damu inanichemka.

Nikaendesha PhotoRec, programu ya kufukua faili zilizofutwa. Inafukua kweli, lakini haijui majina wala folda. Nilipata lundo la faili zenye majina kama f1048576.jpg, picha za harusi ya dada yangu zimechanganyika na vipicha vya matangazo kutoka kwenye kivinjari. Majedwali ya kazi, mengine yalifunguka, mengine yakagoma kabisa. Na hiyo ilikuwa diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka. Kama yako ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, usitegemee hata hilo: wakati wa kufomati, mara nyingi SSD huarifiwa kwamba nafasi yote iko wazi, nayo huisafisha.

Kwa hiyo shika hili: usifute chochote mpaka nakala zako ziwe kwenye kifaa kinachochomolewa, na uwe umezifungua kwenye kompyuta nyingine. Kuzifungua hasa, siyo kuona majina yake tu. Kama unatumia OneDrive, angalia faili zenye alama ya wingu: hizo haziko kwenye diski yako, ziko mtandaoni, kwa hiyo zipakue kwanza. Na usiitumie flashi utakayowekea Mint kuhifadhi nakala, maana kuiandaa kunafuta kila kilichomo.

Angalia pia BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data za diski. Laptopu nyingi hutoka zikiwa zimefungwa nayo bila mwenyewe kujua. Ukigusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaanza, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla haijawaka. Uandike kwenye karatasi sasa hivi. Kwa kawaida unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Na nani amekwambia lazima iwe leo? Windows 10 ilifikia mwisho wake 14 Oktoba 2025, lakini haikuzimika siku hiyo. Microsoft iliweka mpango wa watu binafsi kujiandikisha na kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Kukaa miaka bila masasisho sikushauri, lakini siku mbili za kunakili faili hazitakuua.

Printa ijaribu kwa kuwasha Mint moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha. Ikichapa hapo, kwa kawaida itachapa na baadaye.

Ukimaliza kunakili, bofya kulia folda zako za D, kisha zile za diski ya nje, uchague Properties, utuandikie hapa ukubwa na idadi ya faili za kila upande. Tulinganishe kwanza, ndipo ubonyeze hicho kitufe cha kufuta diski.