Gari linatoa "tik" tu asubuhi: kabla ya kununua betri, kagua waya wa ethi

Mkuu, hiyo hali ya gari kuwaka vizuri leo, kesho likatoa "tik" moja na kunyamaza, mimi ilinila hela ya betri nzima. Nakaa Tanga, kutoka kwangu hadi baharini ni dakika tano kwa miguu, na upepo ule wa chumvi hauna huruma na shaba. Fundi alitazama akasema betri imechoka. Nikanunua mpya. Wiki ya tatu, tik.

Aliyekuja kuniokoa ni mita ya kupimia volti, ya bei rahisi. Betri ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi (nguzo yenyewe, si klempu), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, nikamwambia kijana wangu apige starta. Ikasoma volti 2 na ushee. Hapo haitakiwi kuzidi nusu volti. Umeme ulikuwa unakosa njia ya kurudi. Nikafuata waya wa ethi (ule mnene unaotoka hasi ya betri) mpaka ulipofungwa kwenye bodi, chini ya kitako cha betri, nikakuta kichwa chake kimeota ukijani kama mkate wa wiki iliyopita.

Ukianza kazi, fungua hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi wakati hasi bado imeshika, utapata cheche za kuunguza vidole. Kurudisha ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Redio itasahau stesheni zako, vumilia.

Ule unga mweupe au wa bluu kwenye nguzo za betri unatokana na asidi, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Koroga kijiko cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya moto, hakikisha vifuniko vya betri vimekaza ili isiingie ndani, mwagia kidogo kidogo. Itatoa povu. Likiisha, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, kisha pitisha msasa.

Kwenye ethi ndiko wengi wanakosea. Wanasugua kichwa cha waya peke yake, halafu wanakifunga juu ya rangi na kutu ya bodi. Sugua kichwa, ile pete bapa ya bolti (washa), na bodi yenyewe mpaka chuma king'ae. Halafu chana kidogo mpira wa waya karibu na kichwa. Nyuzi zikiwa nyeusi, ujue kutu imetambaa ndani. Kata mpaka ufike kwenye shaba nyekundu inayong'aa, ubane kichwa kipya. Wangu ulikuwa mweusi karibu wote, nikautupa.

Msasa usiupeleke kwenye soketi ndogo za sensa. Pini zile zina ngozi nyembamba ya bati, nyingine dhahabu, ukiikwangua umezialika kutu. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, acha ikauke.

Kuhusu grisi: kaza kwanza, paka baadaye, juu. Grisi kazi yake ni kuzuia hewa na maji, si kupitisha umeme. Kwenye nguzo za betri mimi napaka mafuta ya mgando ya dukani na yananitosha, ila karibu na injini yanayeyuka. Kwenye soketi zenye mipira weka ya silikoni, kiasi kidogo. Ile yenye unga wa shaba usiiweke kwenye soketi ya pini nyingi, inaweza kuunganisha pini zisizohusiana. Na WD-40, ile dawa ya kupuliza, inafukuza maji vizuri sana, lakini kama kinga kwa sisi wa pwani haidumu.

Ukimaliza, rudia kipimo kile kile cha hasi na injini. Pima na upande wa chanya pia, kutoka nguzo hadi bolti kubwa ya starta. Pande zote zikiwa chini ya nusu volti, betri ikiwa imejaa, na bado linatoa tik, hapo sasa ndipo ufungue starta.