Macho yanarukaruka, mbona dunia imetulia?

SWALI: Habari za kazi. Juzi nimerekodi harusi ya mdogo wangu kwa simu, nikawa naigeuza haraka haraka, mara kwa bibi harusi, mara kwa wapiga ngoma, mara mlangoni, sasa kuiangalia ile video ni kizunguzungu kitupu. Ila siku ile ile macho yangu yaligeuka hivyo hivyo na ukumbi haukutikisika hata kidogo. Inakuaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Swali zuri sana hili, na ujue ndani ya jicho picha inaruka kweli kama kwenye hiyo video yako. Macho yanaruka kama mara 3 kwa sekunde, maana sehemu inayoona vizuri kabisa ni ndogo mno, nyoosha mkono uangalie ukucha wa kidole gumba, ni kama hapo tu, kwingine kote ukungu, kwa hiyo lazima jicho lihamehame.

Sasa fumba jicho moja, lile lililo wazi lisukume kidogo kwa kidole juu ya kope, kwenye kona ya upande wa sikio (taratibu jamani, usikandamize). Umeona ukuta umesogea? Lakini ukiligeuza mwenyewe, hata safari ndefu zaidi, ukuta umetulia tuli. Mwanasayansi Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alishalieleza hili karne ya 19: tofauti iko kwenye amri. Ubongo ukiamuru misuli ya jicho unabaki na nakala ya ile amri, unajua picha itahama kiasi gani, ila kidole kikisukuma hakuna nakala. Na video ni hivyo hivyo, umekaa kwenye kochi, picha zinaruka na jicho halijaamriwa kitu.

Hapa ndo panaponipendeza mimi. Mwaka 1992 watafiti Duhamel, Colby na Goldberg huko Marekani walipima seli za ubongo wa nyani, sehemu ya juu kwa nyuma. Kila seli ina kidirisha chake inachokichunga, na kidirisha kinahama na jicho. Wakakuta baadhi ya seli zinaanza kuitikia kitu kilichopo pale kidirisha kitakapotua KABLA jicho halijaondoka! Yaani kama abiria aliyesikia konda anaita kituo, anakusanya mizigo yake gari bado linatembea. Baadaye, 2002, Sommer na Wurtz wakaifuata njia ya ile nakala, inatoka katikati ya ubongo inapita talamasi (kituo cha kupitishia taarifa ndani ya ubongo) inaenda mbele, wakaizima kwa dawa kwa muda, halafu nyani akatakiwa kurusha macho mara mbili gizani kwenye vialama vilivyowaka na kuzimika. Mruko wa kwanza sawa, wa pili ukakosea, maana ubongo haukujua vizuri wa kwanza umelifikisha jicho wapi.

Halafu kuna jambo jingine, jicho likiwa katikati ya mruko ubongo unapunguza nguvu ya kuona, hilo unaweza kulipima leo leo. Simama mbele ya kioo, angalia jicho lako la kushoto, kisha la kulia, rudia. Hutayaona yakihama kabisa, utayakuta yameshafika. Mwite mtu wa nyumbani asimame pembeni, yeye atayaona yanaruka kila mara.