Maswali na Majibu: Mwamba mweupe shambani, je, ni mali?

SWALI: Nina shamba la ekari tatu nje ya mji wa Tanga, upande wa Pongwe. Ukichimba futi mbili tu unagonga mwamba mweupe. Jirani anasema ni mawe ya chokaa, nimwagie asidi ya betri nione povu, kisha nikauze kiwanda cha saruji. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Asidi ya betri iache kwenye betri. Itakuunguza, na zaidi itakudanganya. Hiyo ni asidi ya salfa; ikigusa mawe ya chokaa hutoa povu kidogo, halafu hujenga utando wa jasi juu ya jiwe na povu linakufa. Utadhani jiwe halina kitu.

Chukua msumari na siki ya jikoni. Kwaruza jiwe. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu wa chuma, hilo ni jiwe gumu jamii ya kwatsi, usahau chokaa. Ukichimba mfereji na kutoa unga mweupe, kusanya unga huo kwenye kisosi, udondoshee siki. Ikichemka papo hapo, ni jiwe la chokaa. Ikitoa viputo vichache vya kusuasua, shuku dolomaiti, binamu yake mwenye magnesi.

Kwa mahali ulipo, natarajia itachemka. Pwani yetu ina mawe ya chokaa ya rika mbili. Karibu na bahari ni matumbawe ya kale, miamba iliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Nyuma yake, Pongwe na Amboni, ni mawe ya enzi ya Jurasi, yenye zaidi ya miaka milioni 145. Mapango ya Amboni yametobolewa humo na maji ya mvua, ambayo hubeba kabonidioksidi na kuwa asidi hafifu. Kwa hiyo usishangae ukikuta mashimo yaliyojaa udongo mwekundu katikati ya mwamba wako. Mashimo hayo hula faida, maana udongo hauuziki.

Sasa saruji. Kiwanda huchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye nyuzi 1,450 za Selsiasi. Magnesi ikizidi, saruji huvimba polepole baada ya kuganda na ukuta hupasuka miaka baadaye, ndiyo maana wanaikagua sana. Lakini kikwazo chako hakiko kwenye kemia. Piga hesabu: ekari tatu, kina cha mita 10, ni takriban tani 290,000. Kiwanda cha tani milioni moja za klinka (punje zitokazo tanurini, ambazo husagwa kuwa saruji) kwa mwaka humaliza mzigo huo kwa miezi mitatu au pungufu. Viwanda hujengwa juu ya machimbo yao wenyewe, kwa sababu jiwe hili ni zito na la bei ndogo, na nauli huimeza bei yake haraka.

Kuchoma chokaa mwenyewe? Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. 44 zinapaa kama kabonidioksidi, na tanuri lifike nyuzi 900 hivi. Kwa kuni, utamaliza miti kabla hujapata mtaji. Wanunuzi wapo, hasa migodi ya dhahabu, ambayo huitumia ili sayanaidi, kemikali ya kutenganisha dhahabu na mawe, isigeuke gesi ya sumu, ila wanataka ubora usiobadilika mwezi hadi mwezi.

Mimi ningesaga. Unga wa jiwe bichi hupunguza uchachu wa udongo shambani, na wafugaji wa kuku wa mayai wanauhitaji kwa ajili ya maganda. Hauhitaji moto. Hata dolomaiti inafaa shambani.

Kumbuka, shamba ni lako lakini madini yaliyo chini yake ni ya umma. Pitia kwanza Tume ya Madini kuhusu leseni. Sampuli peleka maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Usiokote jiwe moja lililo jeupe kuliko yote, kosa ambalo karibu kila mteja wangu hulifanya. Chimba mashimo matano au sita, kona zote na katikati, toa vipande vya juu na vya chini, na kila shimo liwe na mfuko wake wenye namba.