Protini kwenye mkojo wiki sita baada ya kujifungua: yangu iliisha mwezi wa tatu

Dada uliyeuliza, hongera kwa mtoto na pole kwa hofu. Umesema ulipata presha ya mimba, sasa ni wiki sita tangu ujifungue, mkojo bado una protini ya alama moja, na jirani kakwambia figo ndiyo basi tena. Usimsikilize. Mimi niliruhusiwa kutoka wodini nikiwa na alama mbili.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza, wiki ya 34. Niliamka uso umejaa, ndala hazipiti miguuni. Kliniki nesi akachovya kijiti kwenye kikopo cha mkojo, na kale kakipande ka njano kakageuka kijani nikiona. Presha 160 kwa 104. Majibu ya damu yakaja kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja, mikromoli 88 kwa lita. Fomu ya maabara iliandika mwisho ni 97, kwa hiyo wa kwanza kuisoma akasema figo ziko salama.

Jioni daktari wa zamu akaishika fomu ileile, akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti. Akanieleza kwamba mwanamke akibeba mimba, figo huchuja damu karibu mara moja na nusu ya kawaida, na huanza mapema, kwenye ile miezi mitatu ya kwanza. Kreatinini ya mjamzito basi hushuka, mara nyingi huwa kati ya 35 na 70. Kwa mjamzito, 88 ni figo zilizolemewa. Fomu ilikuwa na viwango vya mtu asiye na mimba! Wajawazito mnaosoma hapa, muulizeni daktari waziwazi kama viwango vya fomu ni vya mjamzito.

Nikachomwa sindano za magnesiamu za kuzuia kifafa cha mimba, mwili ukawaka joto kuanzia kichwani, na usiku huohuo nikapasuliwa.

Kreatinini ilishuka ndani ya siku chache. Protini ndiyo iligoma: wiki ya sita alama moja, kama wewe. Mwezi wa tatu kijiti kikabaki njano, nikalia palepale maabara. Daktari alikuwa ameniambia tusihukumu kabla ya miezi mitatu. Protini ikiendelea kupita hapo, au presha ikibaki juu, umwone daktari wa figo, maana huenda ugonjwa ulikuwepo kabla ya mimba bila wewe kujua.

Uji wa pilipili manga wa mama mkwe nilikunywa. Mitishamba ya "kusafisha figo" nilikataa, na dawa za maumivu kama diklofenaki sikunywa bila kuuliza.

Kichwa kikikuuma sana, ukaona ukungu, ukaumwa chini ya mbavu za kulia au mkojo ukapungua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifafa cha mimba humpata hata aliyekwisha kujifungua.

Mimba ya pili nilianzishiwa aspirini ya dozi ndogo wiki ya 12, ya kupunguza hatari ya presha ya mimba kurudi, kwa sababu tu nilienda mapema na karatasi zangu zote. Zako usizitupe.